Mwanafunzi wangu amejibu mtihani wa maadili kwa Kiswahili. Nifanyeje?

BARUA

Shikamoo Mama,

Naomba jina langu na la chuo visitajwe. Nina miaka 38, ni mhadhiri msaidizi katika chuo kikuu kimoja binafsi. Falsafa niliisoma seminarini. Nilipomaliza ile miaka ya falsafa niliona upadri si wito wangu, nikaaga kwa amani, nikaendelea na masomo hadi shahada ya uzamili. Chuoni kwetu hakuna idara ya falsafa. Niko peke yangu, nimewekwa kwenye idara ya masomo ya jamii, na nafundisha kozi ya lazima ya mwaka wa kwanza inayoitwa Mantiki na Maadili. Wanakaa wote ukumbi mmoja: wa ualimu, wa biashara, wa sheria, wa uuguzi. Safari hii walikuwa 212.

Kanuni ya chuo inasema lugha ya kufundishia na ya mitihani ni Kiingereza. Mwaka wangu wa kwanza kazini niliifuata neno kwa neno, na ilikuwa kama kufundisha ukuta. Nikiuliza swali, kimya. Nikimwinua mtu kwa jina, anatabasamu na kutazama viatu vyake.

Siku moja nilikuwa naeleza lile kosa la kurudi kinyumenyume kutoka kwenye tokeo hadi kwenye sababu. Nikaandika ubaoni kwa Kiingereza: kama umeme umekatika, taa zitazimika, taa zimezimika, kwa hiyo umeme umekatika. Nikauliza kama hoja hiyo inasimama. Ukumbi mzima ukaitikia kwamba inasimama. Nikarudia sentensi zilezile kwa Kiswahili. Kabla sijafika mwisho, kijana wa nyuma kabisa akapaza sauti: "Si lazima mwalimu, labda luku imeisha!" Mwingine akadakia: "Au balbu imeungua!" Ndani ya dakika moja walikuwa wameivunja hoja waliyoikubali wote muda mfupi kabla. Mama, usiku ule sikulala vizuri. Nilijiuliza kama miezi yote ile nilikuwa nafundisha mantiki au imla.

Tangu hapo nafundisha kwa lugha mbili. Istilahi na ubao kwa Kiingereza, mabishano kwa Kiswahili. Nimegundua mambo ambayo seminarini hakuna aliyeniambia. Kwenye ukanusho, Kiingereza kinawachanganya, lakini hakuna kati yao asiyejua tofauti ya "wote hawakuja" na "si wote waliokuja". Kwenye masharti yasiyotimia, ukisema "angesoma angefaulu", kitenzi chenyewe kimeshatoboa kwamba hakusoma. Na siku nilipoandika ubaoni kauli ya mwanafalsafa Descartes, "Nafikiri, kwa hiyo nipo", binti mmoja wa sheria akauliza: "Upo wapi mwalimu?" Wenzake wakacheka, yeye hakucheka. Alisema "nipo" inadai mahali, na huyu Descartes alikuwa ameshatilia shaka mahali pote, hata mwili wake mwenyewe. Sijawahi kuulizwa swali zuri kama lile kazini.

Mkuu wangu wa idara amepita mlangoni mara mbili akanikuta katikati ya mabishano hayo. Amenionya kwa mdomo tu: "Unawaharibu. Mtihani utawaambia ukweli."

Sasa mtihani wenyewe. Swali la nne lilikuwa na alama 20 kati ya 60. Ndugu wa mgonjwa wanamwomba muuguzi asimwambie mgonjwa ugonjwa wake. Jadili kwa kutumia mwanafalsafa Kant na wale wanaolipima tendo kwa manufaa yake. Nilisahihisha vijitabu vingi vilivyojaa sentensi za noti zangu zilizokaririwa, hadi makosa yangu ya chapa yamo. Kisha nikafika kwenye kimoja. Kinaanza kwa nusu ukurasa wa Kiingereza kinachojikwaa. Halafu kuna mstari umepigwa, na chini yake maneno haya: "Mwalimu, naomba niendelee kwa Kiswahili, maana nikisema kwa Kiingereza nitasema ninachoweza, siyo ninachofikiri." Zikafuata kurasa nne.

Anaeleza habari ya mzee mmoja wodini mwenye saratani ya ini. Wanawe walimwomba yeye muuguzi aseme ni vidonda vya tumbo. Siku moja usiku mzee akamwambia: "Binti, hawa watoto wangu wameanza kunisalimia kwa upole mno." Kutoka hapo anajenga hoja. Anasema kuna kudanganya, kuna kuficha, na kuna kusitiri, na wale wana walidhani wanafanya la tatu kumbe wanafanya la pili. Unamsitiri mtu kwa kitu chake mwenyewe, kisionwe na wasiohusika. Ugonjwa ni wa mzee. Kuwafungia majirani mlango ni kumsitiri. Kumfungia mlango yeye mwenyewe, nje ya ugonjwa wake, ni kumnyang'anya. Halafu anamgeukia Kant na kusema anakataza uongo kwa sababu sahihi, lakini hamsaidii muuguzi aliyeulizwa saa nane za usiku na mtu ambaye hajawa tayari kusikia jibu. Muda uliisha sentensi ikiwa katikati.

Nilijaribu kuitafsiri hoja ile kwa Kiingereza ili nione kama ninajidanganya. Nilikwama kwenye "kusitiri".

Namjua aliyeandika. Vijitabu vina namba tu, lakini kisa cha yule mzee aliwahi kukigusia darasani. Ni mama mtu mzima, ana stashahada ya uuguzi, amerudi kusoma shahada huku bado anashika zamu za usiku. Alama zake za majaribio ni 19 kati ya 40. Maswali mengine ya mtihani amepata 15. Jumla 34, na kufaulu ni 40. Swali hili nikilisahihisha kwa haki ya fikra zake ningempa 18. Nikifuata maelekezo ya ukurasa wa kwanza wa mtihani, kwamba majibu yote yawe kwa Kiingereza, ni sifuri, anakwenda sapu, yaani kurudia mtihani, na sapu kwetu hata ukijibu vizuri namna gani unapewa C.

Nimefikiria kumpa 18 na kunyamaza. Nimefikiria kukaa naye akaitafsiri, au niitafsiri mwenyewe na kuambatanisha. Nimefikiria sifuri. Nimefikiria kulipeleka bodi ya mitihani, lakini mkataba wangu unaisha Septemba, nina watoto wawili, na mkuu wa idara ndiye anayeandika mapendekezo. Bodi inakaa mwisho wa mwezi ujao, na mtahini wa nje atakuja kabla ya hapo. Kijitabu kiko mezani kwangu nyumbani. Kila nikikiangalia naona aibu, maana mimi ndiye ninayewafundisha watu maadili.

Mwalimu wa Mantiki

JIBU

Marahaba mwanangu.

Nimefundisha walimu kwa miaka mingi, kwa hiyo barua yako imenigusa mahali ninapopajua. Ngoja kwanza nione kama nimekuelewa. Una kanuni ambayo uliisaini, na una jibu ambalo dhamiri yako inakwambia ni bora kuliko mengine. Kanuni inasema sifuri. Jibu linasema 18. Katikati yupo mama mmoja aliyechoka na zamu, na wewe mwenye mkataba unaokaribia kuisha. Unaniuliza ufuate kipi.

Mimi nadhani umeunganisha mambo matatu ukayaona moja. Lipo la huyu mama. Lipo la lugha katika darasa lako. Na lipo la woga wako, ambao sikulaumu nao hata kidogo, kwa maana mwenye watoto wawili anayo haki ya kuogopa. Ukiyaweka yote kwenye kijitabu kimoja yatakulemea, na mbaya zaidi yatamlemea yeye. Mtihani wake utageuka uwanja wa vita vyako na mkuu wa idara.

Nianze na jambo uliloliandika kwa kupita tu. Unasema unamjua. Zile namba kwenye vijitabu ziliwekwa ili usimjue, mwanangu. Si kosa lako kwamba kisa kilimtambulisha. Lakini jiulize kwa utulivu: kama kurasa zile nne za Kiswahili zingekuwa za kawaida tu, za kijana anayechelewa vipindi na kusinzia, ungekuwa na usiku kama huu? Ungeniandikia? Kama jibu ni hapana, basi kinachokusukuma ni uzuri wa jibu na upendo wako kwa aliyeliandika. Vyote viwili ni vitu vyema. Ila hapo hujapata bado kanuni ya kusema kwamba Kiswahili kikubalike, umepata mtu mmoja unayetamani akubaliwe. Wewe unafundisha tofauti hiyo kila muhula.

Halafu wafikirie wale 211. Humo ndani yumo aliyekuwa na mawazo kama ya huyu mama, akasoma maelekezo ya ukurasa wa kwanza, akatii, akaandika kidogo alichoweza kwa Kiingereza. Amepata 6 au 7. Hakupiga mstari na kuomba ruhusa kwa sababu aliamini kanuni ni kanuni. Huyo hana kisa cha kukugusa, kwa kuwa utiifu hauachi alama kwenye karatasi. Sikuambii hivi ili umnyime mama yule. Nataka tu huyo kijana asiyeonekana naye apate kiti mezani kwako.

Kuhusu kusitiri. Nimeirudia aya hiyo mara kadhaa, na nakubaliana nawe kwamba kuna fikra ya kweli mle. Lakini uliposema umekwama, ulikwama kwenye neno au kwenye hoja? Neno moja la Kiingereza lenye uzito wa "kusitiri" huenda hulipati. Sentensi mbili je? Mbona wewe mwenyewe umenieleza tofauti ile kwa mifano ya milango, na mfano wa mlango unasafiri vizuri tu kutoka lugha hadi lugha. Ugomvi huu ni wa zamani sana. Neno mantiki tumelipokea kutoka Kiarabu, na kule linatokana na mzizi wa kutamka, kusema. Katika karne ya 10, mjini Baghdad, mbele ya waziri Ibn al-Furat, mwanasarufi al-Sirafi alibishana na mwanamantiki Abu Bishr Matta kuhusu jambo hilihili. Matta alisema mantiki inahusu maana, na maana ni za watu wote. Al-Sirafi akamjibu kwamba hiyo unayoiita mantiki ni mazoea ya lugha ya Wayunani, na wewe Kiyunani chenyewe hukijui. Kwa masimulizi yaliyotufikia, al-Sirafi ndiye aliyeshinda siku ile. Lakini vitabu vya mantiki viliendelea kuandikwa kwa Kiarabu, na vizuri sana, kwa hiyo Matta naye hakuwa amekosea kabisa.

Nakuletea hao wawili kwa sababu kila mmoja anakuletea shida. Ukiwa upande wa al-Sirafi, kwamba hoja ya huyu mama haiwezi kuishi nje ya Kiswahili, basi mtahini wa nje asiyekijua Kiswahili hawezi kuipima, na alama yako itakuwa neno lako tu. Ukiwa upande wa Matta, kwamba hoja inaweza kusemwa kwa lugha yoyote, basi ilikuwa kazi yako kumfundisha kuivusha, na muhula umepita. Hapo ndipo ninapotaka ukae kidogo. Kwa miezi uliwafundisha kubishana kwa Kiswahili. Je, uliwahi kuwafundisha kuchukua mabishano hayo na kuyaandika kwa Kiingereza? Uliwaambia waziwazi kwamba kinachosifiwa ukumbini hakitahesabiwa kwenye mtihani? Barua yako haisemi. Kama hukuwaambia, huyu mama hakuvunja kanuni kwa ukaidi. Aliamini darasa lako kuliko karatasi ya mtihani.

Usinielewe vibaya kuhusu lugha. Mimi nilikuwa mwalimu kijana wakati tume ya elimu ya Makweta ya 1982 ilipopendekeza Kiswahili kiende sekondari na baadaye vyuo vikuu. Tulishangilia, tukangoja, halikutekelezwa. Sera ya elimu ya 2014 nayo ikaandika kwamba Kiswahili kitatumika kufundishia katika ngazi zote, na papo hapo Kiingereza kiimarishwe. Kati ya sera na ukumbi wako wa watu 212 pana bonde, na bonde hilo linavukwa na walimu kama wewe, kila mmoja kwa daraja lake la kamba. Tena hujabuni uasi. Masomo ya Kiswahili katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam yamefundishwa na kutahiniwa kwa Kiswahili tangu idara yake ilipoanzishwa 1970, na shahada zake ni shahada. Binti yako wa sheria aliyeuliza "upo wapi", mwambie yuko na watu wazito: Padri Alexis Kagame wa Rwanda, aliyeandika juu ya falsafa iliyomo katika Kinyarwanda mwaka 1956, aliliona tatizo hilohilo la kauli ya Descartes katika lugha zetu za Kibantu. Na Kwasi Wiredu wa Ghana alitumia maisha yake kuwasihi wanafalsafa wa Afrika wapitishe kila swali kwenye lugha ya mama, waone kama bado ni swali.

Lakini hata Kiswahili kinaweza kudanganya, mwanangu. Kicheko cha luku kilikuwa kitamu, na kilikuonyesha kitu cha kweli. Umeme na balbu wanavijua tangu utotoni. Wape hoja yenye umbo lilelile juu ya jambo wasilolijua, au jambo wanalolitamani liwe kweli, uone kama watapaza sauti vilevile. Mtu anaweza kuchangamka kwa lugha yake bila kufikiri, kama anavyoweza kunyamaza kwa lugha ya wengine huku anafikiri sana. Ungejaribu hilo muhula ujao, ungekuwa na jambo la kumwambia mkuu wako wa idara lenye uzito kuliko "wanachangamka".

Sasa njia zako. Nitazipitia na wewe, ila sitakuchagulia.

Kumpa 18 na kunyamaza ndiyo njia inayouvuta moyo. Nami niliipita. Miaka mingi nyuma, kwenye chuo cha ualimu nilikokuwa, binti mmoja alifiwa na mama yake wiki ya mtihani. Niliona karatasi yake, nikamwongezea alama, nikafunga mdomo. Tulikutana baadaye sana, stendi ya mabasi, naye ni mwalimu mkuu. Tukasalimiana, tukacheka, halafu akaniuliza taratibu: "Mwalimu, lile somo lako nilifaulu kweli?" Sikuweza kumjibu. Nilichompa kilikuwa na shimo ndani yake, na yeye alilihisi miaka yote ile. Zaidi ya hapo, kijitabu chenye kurasa nne za Kiswahili hakifichiki. Mtahini wa nje akikifungua, wa kwanza kuulizwa utakuwa wewe, lakini atakayefutiwa matokeo ni yeye.

Kutafsiri, iwe mwenyewe au pamoja naye, naiogopa kuliko zote. Saa ya mtihani imekwisha. Kitakachoingia kwenye kijitabu kitakuwa na mkono wako. Na ukumbuke hoja yake mwenyewe: kitu chake ukikishughulikia bila watu kujua, unamsitiri au unamficha?

Sifuri ina usafi wake. Inawaheshimu wale waliotii. Lakini sapu haitampa Kiingereza cha ghafla, itampa zamu moja zaidi ya kukosa usingizi, na huenda akajifunza kwamba siku aliyosema anachofikiri ndiyo siku aliyofeli. Ukichagua njia hii usimwache agundue kwenye ubao wa matokeo. Baada ya bodi kumaliza kazi yake, na namba kurudi kuwa jina, kuna mazungumzo unayomdai.

Kupeleka suala bodini ni kusema: hili hapa jibu, hii hapa kanuni, hivi ndivyo nilivyofundisha, naomba mwongozo. Njia hiyo inakugharimu wewe, kwa sababu lazima uandike kwamba ulifundisha kwa lugha mbili. Inaweza kumgharimu na yeye, maana bodi ikikataa, sifuri inakuwa na muhuri. Lakini ni njia pekee kati ya zote ambayo yule kijana mtiifu wa alama 6 anaweza naye kuguswa nayo, kwa kuwa bodi inaweza kuulizwa juu ya darasa zima na si kijitabu kimoja. Mkataba wako ni jambo la kweli. Kabla hujaandika chochote, mtafute mtu mzima chuoni anayeheshimiwa, asiye mkuu wako wa idara, umsimulie bila kutaja namba. Nchini Ujerumani, mwaka 1687, Christian Thomasius alibandika tangazo katika Chuo Kikuu cha Leipzig kwamba atahadhiri kwa Kijerumani badala ya Kilatini. Miaka mitatu baadaye alikuwa ameshaondoka Leipzig kwenda Halle. Magomvi yake yalikuwa mengi, si la lugha tu, na huko Halle kazi yake ilistawi. Lakini sitaki nikufiche kwamba watu huhama kwa mambo haya.

Kuna jambo dogo hujalitaja, nami limenikaa. Ile nusu ukurasa ya Kiingereza, umeisahihisha? Umeandika kana kwamba swali zima ni la Kiswahili, kumbe amejibu nusu ukurasa kwa lugha inayotakiwa. Kiingereza kinachojikwaa bado ni Kiingereza. Kuna kitu mle? Nakuuliza hivi nikijua hatari yake, maana nimepiga hesabu kama wewe utakavyopiga: ana 34, na 6 zinamfikisha 40 kamili. Ukishaijua hesabu hiyo, mkono wako hauko huru tena. Huenda mwenzako anayeweza kupima hoja, asiyejua kisa wala jumla, akaisoma nusu ukurasa hiyo peke yake. Atoe 2, atoe 8, utakuwa umemtendea kama karatasi nyingine yoyote. Angalia kwanza kama taratibu zenu zinaruhusu msahihishaji wa pili.

Na hiyo aibu unayosema unaiona. Mtu anayefundisha maadili hajaahidi kwamba hatakwama. Wanafunzi wako 212 hawajawahi kukuona ukiwa njia panda ya kweli, wamekuona ukieleza za Kant tu. Mambo haya yatakapokuwa yamekwisha, na ikiwa yule mama ataridhia, sijui kama kuna mhadhara mzuri kuliko kuwasimulia.

Niandikie tena baada ya bodi. Nami nina ombi, kwa kuwa tangu niisome barua yako namfikiria yule mzee. Umesema muda uliisha sentensi ikiwa katikati, kwa hiyo hata wewe hujui alimjibu nini saa nane zile za usiku. Ukipata nafasi ya kukaa naye, mambo ya alama yakiwa yamepita, muulize. Kwa lugha yoyote atakayoitaka.

Mama yako wa ushauri